Vimkate vya Chungwa kwa Baba

Jumamosi, Julai 1971. Ufukoni.

Baba amekufa, na katika nyumba hii anayejua ni mimi peke yangu.

Nimeliandika. Sijawahi kulisema, hata kwa kunong'ona, hata katika dua. Kumekucha na upepo wa kusi, mbingu ya kijivu, baridi ya kumfanya mtu atembee mikono kwapani. Mama ameondoka asubuhi na mapema na beseni lake kichwani kwenda kuuza vimkate kwenye lango la bandari. Atarudi saa tano. Nina muda huo tu, kwa hiyo mistari ikipinda, ipinde.

Daftari hili huwa naliandika Kireno. Kule ng'ambo ya Ruvuma nilisoma Kireno miaka minne, jina langu likiwa Atija. Tulipovuka tukaja Mtwara, shule ikaniandikisha Hadija, nikaanza upya kwa Kiswahili, msichana mrefu kuliko wote, nimekaa dawati la mwisho. Sisemi darasani. Nikiulizwa swali natazama mbao za dawati mpaka mwalimu achoke aulize mwingine. Lakini Kireno kimenifaa kwa jambo moja. Hapa mtaani hakuna mtu mwingine anayekisoma, basi kila ninachokiona aibu nakiweka humo.

Leo naandika Kiswahili, kwa herufi kubwa, maneno nimeyaachanisha. Nina sababu. Nitaisema nikifika.

Barua ilikuja masika, mwezi wa tatu ukielekea mwisho. Aliileta mchuuzi mmoja wa ng'onda, wale samaki wakavu, kutoka Msimbati, na baiskeli yake inayonuka papa kabla hujaiona. Baba alikuwa amevuka tangu kiangazi kuwabebea mizigo wapiganaji wa vita na Wareno: chumvi, sabuni, unga. Alisema atakaa miezi miwili. Yeye hakujua kuandika. Barua zake zote aliandikiwa na mwenzake, Bwana Amade, na Bwana Amade hajui kuandika lugha nyingine isipokuwa Kireno. Kwa hiyo mama alipouona mwandiko ni uleule, hakushtuka. Alifuta mikono kwenye kanga, akakaa mkekani, akanyoosha miguu.

"Haya, soma mama. Soma polepole niisikie sauti yake."

Mstari wa pili nikaliona neno faleceu. Shuleni kule tulilijua kwa habari za wafalme wao: huyu alizaliwa, akatawala, faleceu, yaani akafariki. Tulilikariri tukipiga mihayo. Sikuwahi kuliona limekaa karibu na jina la baba yangu. Homa, ilisema barua. Siku tatu. Mwanzo wa mwezi huu. Tumemwosha, tumemswalia, tumemzika chini ya mkorosho.

"Mbona kimya?" mama akauliza. "Kaanza na salamu, au kaanza na njaa yake?"

Nikasema, "Kaanza na njaa."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mume wangu huyo! Hata malaika wakimshika mkono atawauliza wamepika nini!"

Kicheko kile ndicho kilichonisukuma. Nikaendelea kusoma yasiyoandikwa. Nikasema hajambo, amekonda kidogo, anaota vimkate vya chungwa, tumtumie kikapu. Nikasema atarudi mikorosho ikitoa maua. Uongo ulinitoka kwa ufasaha ambao darasani sijawahi kuwa nao hata siku moja.

Mama akasema, "Rudia hapo pa maua."

Nikarudia.

Vimkate hivyo mama alijifunza kule ng'ambo, alipokuwa akifanya kazi jikoni kwa mwenye duka mmoja Mreno. Si kazi ndefu. Hatukandi unga wenyewe. Tunachukua donge lililokwisha kuumuka kwenye tanuri la Mzee Chande, ambaye huwauzia wanawake wa mtaa kabla hajaanza kuoka mikate yake. Unalitandaza kwa chupa kwenye ubao, unapaka samli, unanyunyiza sukari uliyoichanganya na ganda la chungwa. Ganda tunalikwangua kwa kopo la maziwa lililotobolewa misumari. Kisha unakunja kama unavyokunja mkeka, unakata kwa uzi wa kushonea maana kisu hukandamiza, unapanga kwenye sufuria, moto kidogo chini na makaa juu ya kifuniko. Maji ya chai yakichemka navyo vimeiva. Juu unavipaka maji ya ndimu yaliyokorogwa na sukari vikiwa bado vya moto.

Sharti la mama ni moja. Ukikwangua chungwa, usifike kwenye weupe. Weupe una uchungu, nao haufichiki hata ukimwaga sukari yote ya dukani.

Vya baba huvikausha mara ya pili mpaka vinakuwa vigumu kama biskuti, ili vifike. Mara mbili nimempikia marehemu. Mara mbili mchuuzi wa ng'onda amefunga kikapu nyuma ya baiskeli, akakipeleka Msimbati kwa wavukao mto. Mara ya pili mama alitaka kiende na barua. Aliniambia maneno, nami nikayaandika kama alivyoyasema, kwa Kiswahili, sikupunguza hata moja. Kwamba tunamngoja. Kwamba paa limezibwa. Kwamba jioni anakwenda kwenye masomo ya watu wazima, ngumbaro, na akirudi baba atakuta mke msomi, ajiangalie. Chini mama akaandika jina lake mwenyewe. Fatuma. Alitoa ulimi nje kama mtoto wakati anaandika, na ile t akaisahau kuikata.

Nilikitazama kikapu kile kikiondoka, nikaingia ndani kuosha sufuria.

Sasa sehemu ambayo hata kwa Kireno niliikwepa.

Miezi hii yote nimejiambia kwamba nilidanganya kwa huruma. Nilimwona anacheka, sikutaka kumkata kicheko. Ni kweli, lakini ni kweli ya juu juu. Nilipoliona neno lile, kabla sijamfikiria baba, kabla sijafikiria homa wala mkorosho, nilifikiria eda. Mama atakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatatoka kuuza. Tuko wawili tu. Beseni litakuja kichwani kwangu, lango la bandari litakuwa langu, na darasa la saba litaisha bila mimi, na mtihani uko mwaka huu.

Nilifikiria mtihani.

Baba yangu yumo udongoni, nami nilifikiria mtihani.

Kwa hiyo mama hakukaa eda. Nimehesabu kwenye kalenda ya shule, kwa siri, kuanzia siku waliyomzika. Imekwisha wiki iliyopita. Siku zote hizo mama amevaa kanga nyekundu, amefukiza nguo zake udi, amekwenda bandarini ambako makuli wanamtania "mke wetu, leo chungwa umetutilia kidogo," naye akawajibu, "Mume wangu anarudi na panga, ulizeni vizuri." Watu wakacheka. Alikuwa anacheka ndani ya eda yake. Hakujua, Mungu hatamwandikia dhambi. Lakini yeye atajiandikia. Namjua mama. Atakumbuka kila kanga, kila harufu, kila neno alilomjibu mwanamume.

Na hitima hatukumsomea. Hata sahani moja ya wali haikutoka katika nyumba hii kwa jina lake.

Jana alasiri Bi Somoe wa nyumba ya pili alikuja kumpaka mama hina. Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni, uso chini.

"We Fatuma," Bi Somoe akasema, "mume yuko ng'ambo, nawe unajipaka hina kama ndoa ni kesho?"

"Hujaona mkorosho wa pale kwenu?" mama akasema. "Umetoa maua."

"Umetoa maua matatu!"

"Basi keshafika mtoni."

"Haya, nyoosha mguu, bibi harusi. Hadija, usisikilize, haya si yako." Bi Somoe akanitupia jicho. "Mtoto huyu mbona kila siku kama amemeza jiwe?"

"Aibu tu," mama akasema. "Kamfuata baba yake. Na baba yake akifika atamtoa aibu hiyo."

Nikaendelea kuchambua. Mchele ulikuwa safi. Nilichambua mchele safi.

Jioni mama alikuja na kitabu chake cha ngumbaro, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Hii ni mba au mda?" Nikamwambia ni mba. "M-ba-li. Mbali!" Akafurahi, akanipiga bega. "Nikimaliza kitabu hiki, baba yako namwambia atafute mtu wa kumwandikia Kiswahili. Nitasoma mwenyewe. Na wewe utapumzika, maskini, kila siku kunisomea."

Leo alfajiri nilikwenda kuchukua donge kama kawaida. Mzee Chande alikuwa mlangoni pa tanuri, nyusi nyeupe kwa unga.

"Donge lako hili hapa, mwari wangu. Tazama lilivyonenepa. Lingekuwa linakula kwenu lingekonda kama wewe!"

Wanawake wakacheka. Nikapokea, nikageuka. Pale kwenye kona ya ukuta alikuwa amesimama mwanamume mwembamba, shati limebaki na vifungo viwili, mkononi ana kikapu. Kikapu chetu. Ukili mwekundu ukingoni, mama aliusuka mwenyewe.

Aliniita Atija. Kwa Kireno, kwa sauti ya chini, akaniambia yeye ndiye Amade.

Donge lilikuwa la vuguvugu kifuani mwangu kama kitu hai.

"Kikapu cha kwanza nilidhani kimepishana na barua yangu njiani," akasema. "Tulikula mikate. Wengine walilia, maana baba yako alikuwa akituhadithia habari zake, chungwa, sukari, mpaka tunamwambia anyamaze. Kisha kikaja cha pili, kina karatasi." Hapo akaacha Kireno, akasema Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika, labda ili asikike vizuri zaidi. "Mimi soma karatasi. Samahani, si yangu. Nasoma, naona, huyu mama anangoja. Nani anangoja maiti?"

Nikamwambia ukweli wote kwa Kireno, haraka, mpaka na mtihani. Sijui kwa nini nilimwambia na mtihani. Nadhani nilitaka anipige.

Hakunipiga. Akasema amevuka ili kutoa pole na kurudisha kikapu, na kikapu cha watu hawezi kukirudisha kitupu. Akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na kofia ya baba, ile ya viua vya kijani aliyoishona mama, imefuliwa, imekunjwa.

"Mpelekee wewe," akasema, amerudia Kireno. "Mimi nakaa msikitini. Baada ya adhuhuri nakuja. Siwezi kuingia nyumba ya mjane ambaye hajui kuwa ni mjane. Usinifanye mimi ndiye nimwambie, Atija. Mimi nilimzika. Kazi yangu nimefanya."

Kikapu nilikificha chini ya kitanda changu. Mama alinisubiri na makaa tayari, tukaoka vya kuuza, akaniuliza mbona nimechelewa, nikasema foleni. Aliondoka akiimba. Miguu yake ilikuwa na hina mpya, bado nyeusi nyeusi pembeni ya kucha.

Alipotoweka kwenye kona nikachukua kipande cha donge nilichokibakiza, nikatengeneza vimkate vingine vitano. Nilitaka akirudi akute sinia, chai, na vimkate vya moto. Chini ya vimkate, karatasi hii. Ndiyo maana Kiswahili. Ndiyo maana herufi kubwa, maneno nimeyaachanisha. Siku hizi mama anajua kusoma kidogo. Angesoma mwenyewe, mimi ningekuwa nimekwenda kisimani. Nisingeona uso wake. Nisingehitaji kufungua mdomo, mimi ambaye mdomo wangu haufunguki hata kutaja mji mkuu.

Nilikwangua chungwa nikiwa nafikiria maneno. Nilipotazama, nilikuwa nimeshafika kwenye weupe, na kwenye weupe kulikuwa na damu, kopo limenikata kidole. Nikatupa lile, nikachukua jingine. Nikafika kwenye weupe tena. Machungwa yakaisha. Nikaoka hivyo hivyo.

Nimeonja kimoja. Ni kichungu.

Haikosi saa nne na nusu imepita sasa. Nimerudi juu kabisa, nikasoma kama mama atakavyosoma, kidole kwenye mstari. Ba-ba a-me-ku-fa. Imenichukua muda mrefu sana. Nimefika "amekufa" nikasikia sauti ya mama ndani ya kichwa changu, ile ya jana, ya furaha, akikusanya herufi. A-me-ku. A-me-ku-fa. Kisha angeinua macho kama anavyoinua kila akimaliza neno, kutaka nimwambie amepatia.

Na mimi ningekuwa kisimani.

Neno la kwanza ambalo mama angelisoma peke yake maishani, bila mimi, bila mwalimu wa ngumbaro, lingekuwa hilo. Nimemnyang'anya eda. Nimemnyang'anya msiba wake, majirani zake, vilio vyake. Nilikuwa karibu kumchukulia na kusoma kwake.

Hapana.

Nimetoa kikapu chini ya kitanda. Kofia iko mapajani mwangu. Viua vya kijani, kimoja kimechomoka uzi. Inanuka sabuni tu, hainuki baba. Nitaishika mkononi, na nitamwambia kwa mdomo, Kiswahili, nikimtazama. Nitaanza na lipi? Nianze na homa? Nianze na kofia, ninyamaze, aulize? Na akiniuliza kwa nini, nitamwambia na mtihani pia? Nadhani nitamwambia. Nadhani akishajua hilo hataniita tena mama.

Jumatatu beseni litakuwa kichwani kwangu, bila shaka. Eda aikae au asiikae, hatatoka. Makuli watauliza mke wao yuko wapi. Hata hilo nitalijibu kwa sauti.

Mbwa wa Bi Somoe amebweka mara moja akanyamaza. Huwa anamnyamazia mama.

Kandambili zake. Nazijua, ya kushoto imefungwa waya, inasema cha, cha. Anamsalimia Bi Somoe. Anamwambia vimkate vimekwisha vyote leo. Anacheka.

Yuko uani. Karatasi naichana daftarini, naiingiza ndani ya kopo la unga, chini kabisa, asiione, asije akaisoma kabla sija